Kiambishi -ster na Nomino za Watenda katika Kiingereza

Miongoni mwa viambishi tamati vilivyounda nomino za watenda katika Kiingereza cha Kale, viwili vilitofautiana kwa jinsia: -ere kilitumika hasa kwa wanaume, na -estre kwa wanawake. Mwokaji mwanamume aliitwa bæcere, mwanamke, bæcestre.

Katika Kiingereza cha Kati mpaka huo ulivunjika. Kiambishi -ster kilitumika kwa wanaume pia, na ushahidi umo katika majina ya ukoo: Baxter, yaani mwokaji, na Webster, mfuma nguo. Ilipohitajiwa kumtaja mshoni mwanamke, -ess cha Kifaransa kilibandikwa juu ya -ster, likapatikana seamstress, neno lenye alama mbili za kike.

Spinster, yaani msokota nyuzi, lilibaki neno la wanawake lakini likapoteza kazi: kufikia karne ya 17 lilikuwa istilahi ya kisheria ya mwanamke asiyeolewa, nalo lilidumu katika rejista za ndoa za England na Wales hadi 2005.

Yadhihirika basi kwamba kiambishi cha mtenda hakitaji tendo tu. Huhifadhi pia kumbukumbu ya aliyetenda, na jinsi jamii ilivyomhesabu.