Mgunda Mkali na Dola ya Nyungu ya Mawe

Katika vitabu vya wasafiri wa zamani mna jina moja ambalo wanafunzi wetu hawalisikii tena, nalo ni Mgunda Mkali. Nchi iliyoitwa hivyo ni nyika iliyo baina ya Ugogo na Unyanyembe, na sehemu yake kubwa sasa imo katika Mkoa wa Singida, upande wa Manyoni na Itigi. Tumeona vema kuandika machache juu yake, maana mara nyingi hufundishwa ya kwamba pwani palikuwa na miji, na Buganda palikuwa na wafalme, lakini hapa katikati palikuwa pori tupu la kupita. Mtoto aliyezaliwa Itigi huyasikia hayo, naye huyaamini.

Tuanze na jina lenyewe. Katika Kinyamwezi na lugha zilizo jamaa nacho, mgunda ni shamba. Na neno kali twalijua sote. Burton, aliyepita huko mwezi wa Oktoba 1857, alilifasiri kuwa shamba la moto. Hii ni ajabu kidogo, ya kuwa nchi isemwayo kwamba haina kitu yaitwa shamba! Sisi twaona ya kwamba jina hili lilitoka katika vinywa vya wapagazi, watu waliochukua mzigo wa yapata frasila mbili na kuzihesabu siku zao kwa kiu. Wenyeji, yaani Wakimbu, waliiita nchi yao Ukimbu.

Msafara uliotoka Ugogo ulipanda kwanza ukingo wa Bonde la Ufa, karibu na Kilimatinde, ukafika juu ya uwanda ulioinuka zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Hapo huanza vichaka vya Itigi, ambavyo wataalamu wa mimea huvitaja kuwa vya namna ya peke yake: miti mifupi, isiyozidi sana kimo cha watu wawili au watatu, imesongamana hata mtu hawezi kupenya pasipo panga. Kuelekea magharibi vichaka huachia nafasi misitu ya miombo. Mvua hunyesha toka Novemba au Desemba hata Aprili, kisha mbingu hufungwa miezi sita na zaidi. Si jangwa la mchanga kama lile la Misri. Ni nchi ya miti isiyo na mito ya kudumu, na mwenye kufa kwa kiu huko hufa kivulini.

Kwa hiyo njia ilifuata maji, nayo maji yalikuwa katika mashimo na miambani. Majina ya vituo yaonyesha hayo: Jiwe la Mkoa, Mgongo wa Tembo, na mengineyo ya mawe. Palipokuwa mbali mno, wasafiri walitumia desturi ambayo Burton aliandika jina lake kuwa tirikeza: walipika na kunywa adhuhuri, wakaondoka jua likipunguka, wakalala pasipo maji, na asubuhi wakakifikia kisima cha pili. Stanley naye alipita mwaka 1871, akakuta Wakimbu wamekata miti na kulima mahali ambapo wa kabla yake walikuta pori.

Sasa fikiri, msomaji. Ikiwa njia ya pembe na nguo kutoka Bagamoyo hata Tabora haina budi kupita visima vichache, mwenye kuvishika visima ameishika njia. Jambo hili alilitambua mtu mmoja aliyetoka katika ukoo wa watemi wa Unyanyembe, jina lake Nyungu ya Mawe. Baada ya Mnywa Sele, mtemi aliyepigana na Waarabu wa Tabora, kuuawa mwaka 1865, Nyungu alijitenga akakusanya rugaruga, vijana wenye bunduki waliokwisha kukatwa na koo zao kwa vita na utumwa. Kwa watu hao akaishinda Ukimbu, utemi baada ya utemi, akaweka makao yake Kiwele. Huhadithiwa ya kwamba aliwaita askari wake magogo, na vita ilipokuwa kali aliamuru magogo mengine yatiwe motoni. Hatuwezi kumsifu kwa neno hilo. Misafara ilimwogopa, na vijiji vilimwogopa zaidi.

Lakini alifanya jambo ambalo Mirambo wa Urambo, mwenzake wa zama zile, hakulifanya kwa imara hiyo. Juu ya nchi alizozishinda aliweka watwale, wasimamizi wake mwenyewe, kila mmoja na sehemu yake, na pembe za ndovu zilipelekwa Kiwele. Wote wawili walifariki mwezi wa Desemba 1884. Dola ya Mirambo ilianza kusambaratika mara. Ile ya Nyungu ikamwangukia binti yake Mgalula, naye akaitawala miaka kumi na zaidi, hata mwaka 1895 alipokubali amri ya Wadachi. Baada ya hapo haikuwa dola moja tena.

Na alama zao? Jina la mfalme lilikuwa bendera yake: nyungu ni chungu, na chungu cha udongo huvunjika, bali cha mawe hakivunjiki. Watemi wa zamani, huko na Unyamwezini, walivaa kibangwa, kisahani kilichochongwa katika kombe la bahari. Twastaajabu kila tukikumbuka ya kwamba katika nchi iliyokosa maji, heshima ya mtawala ilikuwa kitu kilichotoka baharini, kikachukuliwa na wapagazi wale wale waliolia kiu njiani. Mbele ya misafara ya pwani, kirangozi alichukua bendera nyekundu ya Sultani wa Unguja. Alama hiyo ilipita nchini, wala haikuitawala.

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, na njia ya visima ikaachwa. Kisha, wakati wa utawala wa Waingereza, ugonjwa wa malale ulifanya watu wengi wa Ukimbu wahamishwe na kukusanywa katika makao machache, na nyuma yao mbung'o na wanyama wakaishika nchi. Kwa hiyo aonaye leo misitu ya Rungwa na Muhesi, iliyo hifadhi ya wanyama, asidhani ameona nchi jinsi ilivyokuwa siku zote. Mahali pengine palikuwa na mashamba, na wazee wa Kikimbu walio kusini mwa Itigi wangali wakiyataja kwa majina ya watemi.