Hali ya Moyo na Mwonekano wa Hisia: Historia Fupi ya Istilahi Mbili za Uchunguzi wa Akili

Katika uchunguzi wa hali ya akili, tabibu hutakiwa kuandika mambo mawili ambayo Waingereza huyaita "mood" na "affect". La kwanza ni hali ya moyo iliyodumu kwa siku au majuma, kama mgonjwa mwenyewe anavyoieleza. La pili ni lile ambalo tabibu hulishuhudia wakati wa mazungumzo: uso, sauti, machozi, kicheko. Mara nyingi yote mawili hutafsiriwa kwa neno moja, hisia. Makala haya yanakusudia kuonyesha hasara ya mchanganyiko huo.

Yafaa tuanze na historia. Mwaka 1904 Emil Kraepelin, tabibu wa Kijerumani, alizuru Java, akasema kwamba sonona ni haba huko. Baadaye J. C. Carothers, aliyekuwa tabibu katika hospitali ya Mathari, Nairobi, alisema vivyo hivyo juu ya Waafrika, na mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likachapisha maandishi yake. Lakini ushahidi wake ulitokana zaidi na wagonjwa waliofikishwa hospitalini. Mtu mwenye fujo hupelekwa upesi. Aliyejiinamia kimya nyumbani kwake hasumbui mtu, na kwa hiyo haonekani.

Mwaka 1979 John Orley na John Wing walitangaza matokeo ya uchunguzi wa vijiji viwili vya Uganda. Humo wanakijiji walihojiwa kwa Kiganda, kwa maswali yaliyopangwa. Miongoni mwa wanawake, sonona ilionekana kwa wingi kuliko kwa wanawake wa Camberwell, London. Kimya cha mgonjwa kilikuwa kimedhaniwa kuwa afya. Alipoulizwa kwa lugha yake, alisema.

Hapa Tanzania, hospitali ya Mirembe, Dodoma, ilianzishwa mwaka 1927, na kwa muda mrefu wagonjwa wa akili walipelekwa huko. Katika miaka ya 1980 mpango wa taifa wa afya ya akili ulijaribiwa katika mikoa ya Kilimanjaro na Morogoro, ili huduma hiyo itolewe pia katika vituo vya afya na zahanati. Hapo ndipo istilahi zilipoacha kuwa mali ya mabingwa peke yao.

Tuchukue mfano wa Namtumbo, wilaya iliyomegwa kutoka Songea mwaka 2002, ambako Kiswahili huzungumzwa sambamba na Kindendeule, Kingoni na Kiyao. Mama aliyefiwa akiulizwa habari, atajibu kwa adabu, "Nzuri, ila tumefiwa." Huenda hata akatabasamu kwa kumstahi mgeni. Karatasi yenye nafasi moja tu ya "hisia" itapokea tabasamu, na moyo utaachwa bila kuandikwa. Yenye nafasi mbili itaandika: mwonekano, mtulivu, anatabasamu, hali ya moyo, "moyo hauna raha tangu msiba." Tofauti baina ya mistari hiyo miwili ndiyo inayomzindua tabibu.

Tena neno hisia lina mzigo mwingine. Lina nasaba na milango ya hisi, nayo ina sehemu yake katika uchunguzi huo huo, pale mgonjwa anapoulizwa kama husikia sauti zisizo na msemaji. Neno moja haliwezi kubeba mizigo mitatu.

Kwa hiyo tunapendekeza "hali ya moyo" kwa jambo la kwanza, nayo iandikwe kwa maneno ya mgonjwa mwenyewe, bila kusanifishwa. Na "mwonekano wa hisia" kwa la pili, ukielezwa kwa upana wake, nguvu yake, uthabiti wake na ulinganifu wake na yasemwayo. Swali nalo lisiishie kwenye maamkizi. "Siku hizi moyo wako ukoje?" ni swali ambalo salamu haikwisha kulijibia.

Mfasiri anayeunganisha istilahi hizi huokoa mstari mmoja wa karatasi. Mgonjwa wa zahanati ndiye atakayelipa gharama yake.