Ugumu na Ukakamavu: Historia ya Mrija wa Kukagulia Mashine na Nafasi ya Kiswahili cha Biryogo katika Uundaji wa Istilahi

Utangulizi

Injini, boila na mabomba ya gesi vina tatizo moja la pamoja: sehemu nyingi zinazochakaa haziwezi kuonekana bila kukifungua chombo chote. Kwa hiyo wahandisi wametafuta kwa muda mrefu mrija mwembamba wa kukagulia, unaoweza kupinda kwenye kona na kisha kusimama imara mbele ya sehemu inayotazamwa. Makala haya yanafuatilia historia ya mrija huo. Hoja yake kuu ni kwamba maendeleo ya kifaa hiki yalitegemea kutenganishwa kwa dhana mbili, yaani ugumu na ukakamavu, na kwamba Kiswahili tayari kina maneno ya kuzitenganisha. Mahali pa kuanzia ni Biryogo, mtaa wa Kigali ambamo Kiswahili na ufundi wa mashine vilikutana mapema.

Biryogo: lugha ya ufundi kabla ya lugha ya ofisi

Kigali ilianzishwa mwaka 1907 na Richard Kandt, mwakilishi wa utawala wa Kijerumani. Askari na wafanyabiashara waliotoka pwani ya Afrika Mashariki walikuja na Uislamu na Kiswahili, na hadi leo neno la Kinyarwanda Abaswahili hutumika kwa maana ya Waislamu. Chini ya Wabelgiji, Waislamu walitengewa makazi yaliyoitwa kambi za Waswahili, na kutoka humo kulihitaji ruhusa. Shule nyingi zilikuwa mikononi mwa misheni, hivyo watoto wengi wa Kiislamu hawakupata elimu iliyowaandaa makarani. Njia zilizobaki wazi kwao zilikuwa biashara, ushonaji, udereva na ufundi wa magari.

Biryogo ni zao la historia hiyo. Kiswahili kilitumika huko sokoni na katika kazi za mikono miongo mingi kabla ya mwaka 2017, sheria ilipokifanya kuwa lugha rasmi ya nne ya Rwanda. Jambo hili lina uzito kwa wanaistilahi, kwa sababu tatizo la mrija wa kukagulia ni tatizo la kila siku la gereji. Nati ikidondoka ndani ya injini, fundi hukunja waya ili aifikie. Waya mwembamba mno hujikunja njiani, na mnene mno haupiti kwenye kona.

Kutoka bomba la chuma hadi uzi wa kioo

Hatua za mwanzo zilipigwa katika tiba, kisha viwanda vikazifuata. Mwaka 1806, Philipp Bozzini wa Ujerumani alionyesha chombo cha kumulika ndani ya mwili kwa mwanga wa mshumaa. Mwaka 1868, Adolf Kussmaul alitumia bomba lililonyooka kutazama tumbo la mtu aliyezoea kumeza panga katika maonyesho, kwa kuwa si kila mtu angeweza kulistahimili. Mwaka 1932, Rudolf Schindler alipata chombo ambacho sehemu yake ya mbele iliweza kupinda kiasi.

Mageuzi makubwa yalitokea mwaka 1957, Basil Hirschowitz, daktari mzaliwa wa Afrika Kusini, alipoonyesha kazi yake na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan: mrija uliobeba picha kwa nyuzi nyembamba za kioo. Kioo ni kigumu, lakini uzi wake mwembamba hupinda. Ugumu ni sifa ya maada, ilhali ukakamavu hutegemea pia umbo na unene.

Hata hivyo, ulegevu ulileta tatizo jipya. Mrija laini ukisukumwa kwa nyuma hujikunja kama kamba, na ncha yake haisogei mbele. Ilibidi mrija huohuo uwe laini kwenye kona na mkakamavu baada ya kona.

Njia tatu za kukakamaza

Njia ya kwanza inafanana na tasbihi. Uzi wake ukiwa umelegea, shanga hujikunja kiganjani. Uzi ukivutwa kwa nguvu, shanga hubanana na kuwa kama fimbo. Mikono ya kushikilia vifaa vya upasuaji imetumia kanuni hii.

Njia ya pili inakumbusha waya wa breki wa baiskeli, unaopita ndani ya koili ya chuma. Waya ukivutwa, koili hubanwa na kukakamaa. Mwishoni mwa karne ya 20, kanuni hii ilitumika katika mirija ya kuchunguzia utumbo mpana, ambayo daktari huikakamaza kwa kuzungusha pete iliyo kwenye mpini.

Njia ya tatu inaonekana katika pakiti ya kahawa iliyoondolewa hewa: ni ngumu kama tofali, lakini ikitobolewa hulegea papo hapo. Mwaka 2010, watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago, Chuo Kikuu cha Cornell na kampuni ya iRobot walitangaza kishikio cha roboti kilichotengenezwa kwa mfuko laini uliojazwa kahawa ya kusaga. Kuanzia mwaka 2012, mradi wa STIFF-FLOP, ulioongozwa na King's College London, ulitafuta mkono wa upasuaji unaolegea na kukakamaa kwa mfano wa mkono wa pweza.

Kila njia ina gharama yake. Waya unaovutwa husuguana na kuchakaa, na mfuko usio na hewa ukitoboka hupoteza ukakamavu wote.

Athari kwa istilahi

Katika Kiswahili, neno ugumu hubeba maana ya uimara wa maada na pia ya shida. Kitenzi kukakamaa kina mipaka iliyo wazi zaidi: kanzu iliyotiwa wanga imekakamaa lakini si ngumu, na uzi wa kioo ni mgumu lakini haukukakamaa. Zabuni inayoomba "mrija wenye ugumu unaorekebishika" inaweza kumletea mnunuzi mrija wenye ganda imara usiobadilika hata kidogo. Maelekezo ya matumizi yana hatari kubwa zaidi. Mrija uliokakamaa ukivutwa kwenye kona unaweza kukatika, na kipande kikabaki ndani ya injini ya ndege au mtambo wa umeme. Agizo "legeza kabla ya kuvuta" linamtosha fundi yeyote.

Hitimisho

Historia iliyoelezwa inapendekeza istilahi ukakamavu rekebifu, pamoja na vitenzi kukakamaza na kulegeza. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao Zanzibar, na Inteko y'Umuco ya Rwanda zinaweza kuzifanyia majaribio istilahi kama hizi katika gereji kabla ya kuzisanifisha. Watoto wa kambi za Waswahili walinyimwa dawati la shule, wakajifunza mashine kwa mikono na kwa Kiswahili. Sera ya lugha itakayowaacha nje warithi wa ujuzi huo itarudia kosa la zamani, na safari hii Kiswahili chenyewe kitapata hasara.