Kutoka Mlanguzi hadi Mjasiriamali

Mkenya akisoma gazetini kwamba mlanguzi amenaswa, anajua bila kuelezwa kuwa habari ni ya dawa za kulevya au ya watu waliosafirishwa kiharamu. Mtanzania aliyekwisha kula chumvi akilisikia neno hilo hilo, huenda akakumbuka sabuni. Sabuni ya kufulia tu, iliyouzwa uani kwa bei ya kuruka.

Bei ilirukia wapi? Juu ya bei ya serikali. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, benki, viwanda na biashara kubwa vilitiwa mikononi mwa umma, na bei za bidhaa nyingi zikapangwa na dola. Mpango huo ulikuwa na mazuri yake, nayo si haba: karo ya shule za msingi ilifutwa 1973, na watu wazima wengi wakafunzwa kusoma. Lakini mafuta yalipanda bei, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977, kisha vikaja vita dhidi ya Idi Amin. Maduka yakabaki rafu tupu, na raia wakapiga foleni.

Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine aliongoza msako wa "wahujumu uchumi". Hebu pima uzito wa kitenzi hicho, msomaji. Kuhujumu ni kushambulia kwa siri, kazi ya adui vitani. Mwaka huo huo ikaja sheria ya Nguvu Kazi, na wachuuzi wadogo wa mjini wakajikuta wanahesabiwa kuwa watu wasio na kazi, wanaostahili kurudishwa mashambani.

Haikuchukua muda upepo ukageuka. Mwaka 1984 serikali iliwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, bila kuwadadisi walizipata wapi. Ali Hassan Mwinyi akaingia Ikulu 1985, mwaka uliofuata serikali yake ikakubaliana na Shirika la Fedha Duniani, na wananchi wakambandika jina la Mzee Ruksa. Sabuni ikarudi dukani. Mitumba nayo ikaja, na viwanda vya nguo vya humo nchini vikalemewa.

Neno ninalolipenda zaidi katika kisa hiki ni mradi. Zamani mradi ulikuwa wa serikali, wenye jiwe la msingi na mgeni wa heshima. Mshahara uliposhindwa kumaliza hata wiki, mradi ukawa beseni la mandazi la mama, au kuku wake wa uani. Mtafiti Aili Mari Tripp, katika kitabu alichochapisha 1997, alionyesha kuwa familia nyingi za Dar es Salaam ziliishi kwa shughuli za namna hiyo kuliko kwa mshahara. Baba alikuwa bado na cheo ofisini, lakini aliyelisha nyumba ni mwenye beseni. Sidhani kuna hotuba ya jukwaani iliyobadilisha mahusiano ya mume na mke kuliko hilo beseni.

Wapo walioumia. Karo ilirejeshwa, na hospitalini wagonjwa wakatakiwa "kuchangia", neno tamu kwa jambo chungu. Azimio la Zanzibar la 1991 likawaruhusu viongozi kumiliki hisa na kupangisha nyumba, mambo waliyokatazwa na lile la Arusha. Mashirika ya umma yakauzwa, tukapata neno ubinafsishaji, ambalo shina lake ndilo lililozaa ubinafsi. Watu wa mtaani hawakuhitaji mwanaisimu kuwaonyesha udugu huo.

Na mlanguzi je? Yule kijana mwenye bidhaa mkononi akaitwa machinga, kisha mjasiriamali, yaani jasiri wa mali. Desemba 2018 Rais John Magufuli alianza kugawa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, kila kimoja shilingi 20,000. Mwaka 2021 wengi wao wakaondolewa kando ya barabara, vitambulisho vikiwa mfukoni.