Makarani wa Roma na Vitabu vya Wakristo

Tarehe 19 Mei 303, Munatius Felix, msimamizi wa mji wa Cirta katika jimbo la Numidia, alifika na watu wake kwenye nyumba waliyokuwa wakikutania Wakristo. Cirta ndio mji unaoitwa leo Constantine, mashariki mwa Algeria. Haikuwa imetimia miezi mitatu tangu Kaizari Diocletian atoe amri kwamba majengo ya Wakristo yabomolewe na maandiko yao yachomwe moto.

Kila lililosemwa siku hiyo liliandikwa. Karani alikuwapo akiandika. Kumbukumbu yake tunayo hadi leo, na ni hazina kwa yeyote anayetaka kujua Wakristo wa kwanza walivyoishi na maandiko yao. Mahubiri ya enzi zile yanatueleza waumini waliyasoma vipi Maandiko Matakatifu. Karani wa Cirta anatueleza jambo ambalo wahubiri hawakuona haja ya kuligusa: vitabu vyenyewe vilikuwa kwa nani, nyumba ipi, na vilikuwa vingapi.

Felix alimtaka Askofu Paulo ayatoe maandiko. Askofu akajibu kwamba yako kwa wasomaji, yaani wale waliopewa kazi ya kuyasoma mbele ya waumini. Alipoambiwa awataje, alisema makarani wa ofisi ya Felix mwenyewe, Edusius na Junius, wanawajua wote. Felix akaliweka hilo kando kwa muda, akaanza kuandikisha mali.

Orodha hiyo inastahili kusomwa polepole. Kalisi mbili za dhahabu na sita za fedha. Taa saba za fedha, na taa kumi na moja za shaba zenye minyororo. Kisha kanzu za kike 82, shela 38, kanzu za kiume 16, viatu vya kiume jozi 13 na vya kike jozi 47. Nguo zote hizo hazikuwa za ibada. Wanahistoria wengi wanaona kuwa ziliwekwa akiba kwa ajili ya maskini, na wingi wa zile za kike unaonyesha ni nani hasa waliokuwa wakisaidiwa. Hakuna mwanatheolojia wa zama zile aliyetuachia hesabu ya namna hii.

Walipoingia maktaba, walikuta makabati matupu.

Shemasi mdogo aitwaye Catullinus alitoa kitabu kimoja tu, kikubwa mno. Felix akauliza kwa nini kimoja. Catullinus na mwenzake Marcuclius wakajibu kuwa wao ni mashemasi wadogo tu, vitabu viko kwa wasomaji. Walipotakiwa kuwataja wasomaji hao, walikataa katakata: wao si wasaliti, kama ni kuuawa basi wauawe. Felix akaamuru wakamatwe. Mwishowe ni Edusius na Junius walioongoza njia, nyumba hadi nyumba. Eugenius alitoa vitabu vinne, Felix mwingine akatoa vitano, Victorinus vinane, Projectus vikubwa vitano na vidogo viwili. Victor, mwalimu wa sarufi, alitoa viwili pamoja na mafungu manne ya kurasa zisizojalidiwa. Kwa Coddeo, mkewe ndiye aliyepokea wageni. Alitoa vitabu sita, akasema hana zaidi. Mtumwa wa serikali akaamriwa aingie apekue, akatoka mikono mitupu.

Jumla ni vitabu zaidi ya 30, karibu vyote kutoka katika nyumba za watu binafsi. Hapa ndipo kumbukumbu hii inapobadilisha picha tuliyozoea. Maandiko ya Cirta hayakukaa kanisani yakisubiri Jumapili. Yalilala chini ya paa moja na watoto na vyombo vya jikoni, na usalama wake ulitegemea ujasiri wa mwenye nyumba na mkewe.

Karani hakuandika jina la kitabu hata kimoja. Aliandika idadi na ukubwa, basi. Kwa hiyo hatuwezi kuapa kuwa vyote vilikuwa Maandiko Matakatifu. Huko Carthage, Askofu Mensurius alieleza baadaye kwamba aliwaachia maofisa maandishi ya wazushi wayachukue, na yale ya thamani akayaficha.

Kumbukumbu ya Cirta iliokolewa na ugomvi. Amani iliporudi, Wakristo wa Afrika Kaskazini waligawanyika juu ya viongozi waliosalimisha vitabu, na kundi lililoitwa Wadonatisti likakataa kuwatambua. Silvanus, aliyekuwa shemasi mdogo siku ile ya upekuzi, alikuwa sasa askofu wa Wadonatisti. Desemba 320, mbele ya liwali Zenophilus, kumbukumbu ya 303 ilisomwa kama ushahidi dhidi yake. Mwalimu Victor alianza kwa kukana. Maneno yake mwenyewe yaliposomwa, alilazimika kukiri.

Misri nako makarani hawakulala. Februari 304, Ammonius, msomaji wa lililokuwa kanisa la kijiji cha Chysis, aliapa kwamba kanisa halikuwa na dhahabu, fedha, nguo, mifugo, watumwa wala ardhi, ila vitu vya shaba vilivyokwisha kukabidhiwa. Vitabu havitajwi kabisa. Chini yake mtu mwingine anaandika kwamba ametia sahihi badala ya Ammonius, kwa kuwa Ammonius hajui kuandika. Msomaji wa kanisa! Wataalamu wanabishana hadi leo: pengine alijua Kikopti tu, pengine alikwepa kutia mkono wake kwenye kiapo cha kipagani. Maelezo hayo ya pili yanavutia zaidi, kwani mtu aliyeacha vitabu nje ya orodha angeweza pia kuiacha kalamu mezani.

Hati hiyo ni moja ya maelfu zilizopatikana katika majalala ya Oxyrhynchus, mji uliosimamia Chysis, walikochimba Waingereza Grenfell na Hunt kuanzia 1896. Miongoni mwake kulikuwa na ukurasa wa mafunjo wenye mistari ya kwanza ya Waraka kwa Warumi, kwa herufi kubwa zisizo na mpangilio, mkono wa mtu anayejifunza kuandika. Waligundua kuwa ulifungwa pamoja na mkataba wa mwaka 316, wakautumia kukadiria umri wake. Kisha ukurasa huo ukachapishwa pamoja na maandiko ya dini, na nyaraka zilizohusiana nao zikaenda njia yake. Mwaka 2010 mtafiti AnneMarie Luijendijk alifuatilia nyaraka hizo na kumpata mwenye nazo: Leonides, mfanyabiashara wa kitani, aliyehifadhi Warumi pamoja na mikataba yake ya biashara.