Kidonge Juu ya Zulia

Sikukuu moja ya Idi, mwaka niliomaliza darasa la saba, mama alifukiza ubani sebuleni. Mdogo wangu akapita mbio, chetezo kikapinduka, kaa moja likaangukia zulia letu jipya. Tulilizima kwa chai iliyokuwa mezani. Palibaki tundu jeusi, kingo zake ngumu kama plastiki iliyoyeyuka. Mama akasema, "Sogeza kochi hapo, wageni wanakuja." Nikasogeza. Wageni wakala pilau yao, wakaaga, hakuna aliyejua. Lakini mimi swali lilinikaa kichwani: hivi kuna mtu aliyelijaribu zulia hili kwa moto kabla halijafika dukani?

Baadaye, katika kusomasoma kwangu, nikakuta kwamba swali hilo lina historia, tena ya machozi.

Huko Marekani, katika miaka ya 1940, mhandisi aitwaye Steiner, wa maabara za Underwriters Laboratories, alitengeneza handaki la majaribio lenye urefu wa futi 25. Kitu kinachopimwa huwekwa juu, kwenye dari ya handaki, moto wa gesi ukawashwa upande mmoja, na watu wakaangalia ndimi zinavyokimbia kwa dakika 10. Asbesto ilipewa sifuri. Mbao za sakafu za mwaloni mwekundu zikapewa 100. Vingine vyote vikapangwa kwa kulinganishwa na hivyo viwili. Sasa cheka kidogo, msomaji: hata zulia lilipopimwa humo, lilibandikwa darini! Nani kati yetu anatembea darini?

Kicheko kikaisha tarehe 9 Januari 1970, mjini Marietta, jimbo la Ohio. Moto ulizuka katika nyumba ya kutunzia wazee iitwayo Harmar House. Wazee zaidi ya 30 walikufa, wengi wao kwa moshi. Zulia la korido, lenye mgongo wa mpira wa povu, lilikuwa miongoni mwa vitu vilivyotoa moshi ule mzito. Waliokuwa vyumbani mwao, mbali na moto, moshi uliwafuata huko huko vitandani.

Mwaka uliofuata, Aprili 1971, serikali ya Marekani ikaanza kutumia sheria ya jaribio la kidonge. Jaribio lenyewe ni rahisi mno. Vinachukuliwa vipande vinane vya zulia, kila kimoja inchi 9 kwa 9, vinakaushwa kwenye joto. Juu ya kila kipande linawekwa bamba la chuma lenye tundu la inchi 8, na katikati kabisa kidonge kidogo cha methenamini, kemikali ambayo hospitalini ni dawa ya njia ya mkojo. Kinawashwa kwa kiberiti. Weusi ukisogea hadi kubakiza chini ya inchi moja kufika ukingo wa tundu, kipande kimeanguka. Wanaotakiwa kufaulu ni saba kati ya wanane.

Nilipolisoma jaribio hilo nilishtuka. Kidonge kile si ndicho kaa la mama?

Lakini kaa ni jambo moja, na chumba kizima kinachowaka ni jingine. Kidonge hakisemi zulia la korido litafanya nini mlango unapotapika joto. Kwa hiyo miaka ile ya 1970 likabuniwa jaribio la pili: kipande kirefu cha karibu mita moja kinalazwa sakafuni, jinsi kinavyotumika, chini ya paneli ya gesi iliyoinamishwa. Upande mmoja unapata joto kali, mwingine kidogo. Moto unawashwa, watu wanangoja uone mwisho wake. Pale unapojizimia wenyewe ndipo penye jibu. Mwaka 1978 likawa kanuni rasmi.

Basi ndivyo mambo yalivyo, ndugu zangu wa kalamu. Kipimo hujibu swali lile tu kilichoulizwa, na mara nyingi swali sahihi huulizwa baada ya mazishi. Sakafu yetu ya saruji haiwaki, kweli. Kinachowaka ni kile tunachokitandika juu yake ili ipendeze.

Juzi nilikwenda nyumbani kumsalimia mama. Kochi bado liko pale pale. Nililisogeza, nikamwonyesha lile tundu, nikamsimulia habari za Marietta. Alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Chetezo nitakiweka uani."