Thubutu

Mwambie mtu kwamba utafanya jambo asilolitarajia kwako, na huenda akakujibu kwa neno moja: "Thubutu!" Yaani huwezi, wala usijisumbue. Kitenzi chenyewe kinasema kinyume. Kuthubutu ni kuwa na moyo wa kulikabili lile linalotisha. Neno hili asili yake ni Kiarabu, nalo ni ndugu wa thabiti na thibitisha. Shina lao lina maana ya kusimama imara. Basi anayethubutu si mtu wa pupa. Hofu anayo, ila hatetereki. Ndiyo maana siridhiki neno hili linapofanywa sawa na kujaribu, kwani kujaribu hakudai moyo kiasi hicho.

Mfano wa aliyethubutu ni Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu. Alizaliwa Fumba, Unguja, akakulia katika ufinyanzi na kuuza vyungu. Shule hakupita. Mwaka 1911 alihamia mjini, akajifunza taarabu, na mwaka 1928 akavuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili. Walikuwapo waliomdhihaki kwa umaskini na asili yake ya shamba. Hata hivyo, santuri zake zikauzwa pwani nzima.